Ubao Kabla ya Rangi

Mwaka 1500 Albrecht Dürer alijichora mwenyewe akiwa kwao Nuremberg, na picha ile aliichora juu ya ubao wa mlindeni. Miaka sita baadaye alikuwa Venice, akiwachorea wafanyabiashara wa Kijerumani picha kubwa ya Sikukuu ya Rozari. Ubao wake ni wa mpopla. Mwaka 1521, akiwa Antwerp, alimchora Mtakatifu Hieronimo kama mzee wa ndevu nyeupe anayeonyesha fuvu la kichwa kwa kidole. Ubao wa picha hiyo ni wa mwaloni. Mkono ni mmoja, miti ni mitatu. Wala Dürer hakuwa mtu wa kupokea kila alichopewa. Barua zake kwa mteja wake wa Frankfurt, Jakob Heller, zimejaa hesabu za gharama ya rangi ya buluu na malalamiko juu ya malipo. Hata hivyo, mtu huyu mwenye kuibana rangi kwa senti alichorea kila mahali ubao ule ule waliouchorea wenyeji wa mahali hapo. Kusini mwa Ujerumani walichorea mlindeni, Italia mpopla, Flanders mwaloni. Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Katika historia ndefu ya picha za mbao, jina la mti lilikuwa shauri la misitu, mito na bandari. Seremala na mchoraji waliachiwa shauri jingine, la kuusoma mti uliokwisha kuletwa na kuutayarisha, na shauri hilo la pili ndilo lililoamua picha itaishi miaka mingapi.

Kwa nini ubao utayarishwe? Kwa sababu mti ukikatwa hufa, lakini hauachi kunywa. Hewa ikiwa na unyevu nyuzi zake huvimba. Hewa ikikauka husinyaa. Kwa urefu, kufuata nyuzi, badiliko hilo ni dogo mno. Kwa upana ni kubwa, tena halilingani: upana unaofuata mstari kutoka moyo wa mti kwenda kwenye gome husinyaa karibu nusu tu ya upana unaofuata mzingo wa pete za ukuaji. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa ovyo hupinda, na ule uliopasuliwa kufuata mstari wa moyo na gome hutulia. Tena ubao wa picha una taabu yake ya pekee. Mbele umezibwa na rangi, nyuma uko wazi, kwa hiyo hunywa na kukauka kwa mgongo tu. Baada ya miaka mingi mgongo husinyaa kuliko uso, na ubao hubinuka, kifua mbele. Rangi iliyokwisha kukauka haiwezi kuufuata mti katika safari hiyo, nayo hupasuka au hubanduka. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Fundi wa mbao za kuchorea aliishi kwa kanuni iliyo kinyume chake, kwamba mti usiutie kazini ungali mbichi, maana utajikunja wenyewe baadaye, na picha juu yake.

Ushahidi wa zamani zaidi tulio nao kwa wingi unatoka Misri. Katika karne tatu za kwanza za zama zetu, Misri ikiwa chini ya Roma, watu wenye uwezo walichorwa sura zao juu ya mbao nyembamba, na sura hizo zikafungwa juu ya maiti iliyokaushwa, mahali pa uso. Zinazojulikana leo zinakaribia 900, na kwa kuwa nyingi zilipatikana katika bonde la Fayum zimebaki na jina hilo. Wataalamu walipochunguza mbao zake kwa hadubini waliona jambo la kushangaza: sehemu kubwa ni mlindeni, mti usioota Misri kabisa, ulioletwa kutoka Ulaya kuvuka bahari. Mtu anaweza kudai kwamba hapo hoja yangu imevunjika, kwa kuwa Misri ilikuwa na mikuyu yake na bado mafundi waliagiza mti wa mbali. Lakini mti unaopatikana si lazima uwe unaota karibu. Misri ya wakati ule ilikuwa ndani ya soko moja na kusini mwa Ulaya, na meli zilizobeba ngano kwenda Roma hazikuwa na sababu ya kurudi tupu. Kilicho muhimu zaidi ni namna mafundi walivyoutumia mti huo. Mlindeni ni laini, nyuzi zake ni sawasawa, na huchanika kuwa ubao mwembamba sana bila kuvunjika. Ubao wa namna hiyo ungeweza kulazwa juu ya maiti na kufuata mviringo wake kidogo. Mikuyu nayo ilitumika, na picha zilizochorwa juu yake pia zimetufikia, kwa kuwa mchanga mkavu wa Misri ulizihifadhi zote bila ubaguzi.

Italia ndiko hoja inakopata nguvu, maana huko mti uliotawala kati ya karne ya 13 na ya 16 ulikuwa mbaya. Mpopla huota haraka kandokando ya mito, hutoa mbao pana na nyepesi, bei yake ni ndogo. Lakini ni laini, hupinda kwa urahisi, na wadudu wanaupenda mno. Hakuna seremala ambaye angeuchagua kwa kabati la kurithisha wajukuu. Hata hivyo juu ya mpopla ndipo walipochora Giotto, Duccio na Botticelli, na juu ya mpopla Leonardo da Vinci alianza kumchora Mona Lisa karibu na mwaka 1503. Siri yao imeandikwa. Karibu na mwaka 1400 mchoraji Cennino Cennini, mzaliwa wa Colle di Val d'Elsa huko Toscana, alitunga kitabu cha ufundi, na ndani yake hatua za kutayarisha ubao zimepangwa kama mapishi. Anataja mpopla, mlindeni na mwerebi unaoota kando ya maji kuwa miti inayofaa, kisha anaipita haraka. Kinachomshughulisha ni yale yanayofuata.

Kwanza ubao huchunguzwa na kurandwa hadi mafuta na uozo viondoke. Mafundo ya mti, ambayo husinyaa kwa namna yake na kuacha shimo, huzibwa kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi. Vichwa vya misumari hufunikwa kwa vipande vya bati, ili kutu isije ikapenya hadi kwenye rangi. Kisha hupakwa gundi iliyochemshwa kutokana na mabaki ya ngozi, mara ya kwanza nyepesi sana, na Cennini anaieleza kwa mfano wa mtu mwenye njaa anayepewa kitu kidogo cha kumwamshia hamu kabla ya mlo wenyewe. Mti wenye kiu ukipewa gundi nzito mara moja huikataa. Ukionjeshwa, huipokea ile inayofuata. Baada ya hapo vipande vya kitani kikuukuu, laini na kisicho na mafuta, hutoswa katika gundi na kulazwa juu ya ubao wote, hasa kwenye maungio. Kitani hicho ndicho mpatanishi. Mbao mbili zikivutana, nguo huipokea nguvu ile na kuitawanya, na ufa hauendi moja kwa moja kwenye uso wa malaika.

Juu ya kitani huja jasi. Tabaka la kwanza ni la jasi nene, lililochanganywa na gundi na kutandazwa kama lipu. La pili ni la jasi laini, na hili ndilo linaloonyesha subira ya mafundi wale: jasi hulowekwa katika maji na kukorogwa kila siku kwa mwezi mzima hadi nguvu yake ya kuganda imekwisha na imekuwa laini kama hariri. Huchanganywa na gundi na kupakwa mara nane au zaidi. Mwishoni uso hunyunyiziwa vumbi la mkaa na kukwanguliwa kwa chuma chenye makali. Palipo na doa jeusi ndipo pangali na bonde, na ukwanguaji unaendelea mpaka weusi wote umetoweka. Ukiyapanga yote hayo utaona kwamba kila hatua ni jibu kwa ila moja ya mpopla: ulaini wake, mafundo yake, kiu yake, kupinda kwake. Waitalia hawakuuchagua mti mzuri. Walijenga juu ya mti dhaifu uso ulio imara.

Kazi ya seremala ilikuwa nzito vilevile. Kwa ajili ya kanisa kuu la Siena, Duccio alichora kati ya mwaka 1308 na 1311 picha ya altare iitwayo Maestà, iliyochorwa pande zote mbili. Ili kupata ukuta mkubwa kiasi hicho, mafundi waliunga mbao zilizosimama kwa upande wa mbele na mbao zilizolala kwa upande wa nyuma, wakazishikanisha kwa gundi na misumari. Kwa zaidi ya karne nne na nusu jengo lile la mti lilisimama. Mwaka 1771 likakatwa kwa msumeno ili pande mbili zitenganishwe na kugawanywa, na msumeno ukapotoka ukauharibu uso wa Bikira Maria. Jeraha baya kuliko yote la picha hiyo halikutoka kwenye mti wala kwenye hewa. Lilitoka kwa watu waliouona ubao kuwa kifurushi tu cha kubebea picha.

Kaskazini mambo yalikuwa tofauti kwa mti, lakini si kwa hoja. Wachoraji wa Flanders na Uholanzi walitumia mwaloni, na kwa muda mrefu wasomi walidhani kuwa mialoni ile ilikatwa katika misitu ya hapo hapo. Katika karne ya 20 wataalamu wa kuhesabu pete za miti, miongoni mwao Peter Klein wa Hamburg, walilinganisha pete za mbao za picha na zile za misitu mbalimbali, na miaka ya 1980 ikadhihirika kwamba mialoni mingi ilitoka pande za bahari ya Baltiki. Magogo yalielea katika mto Vistula hadi bandari ya Gdańsk, yakapasuliwa, yakapakiwa melini kwenda magharibi. Katika baridi ya huko mti hukua polepole, pete zake hubanana, na ubao huwa tulivu. Tena mbao hizo zilipasuliwa kwa kabari kutoka moyoni kwenda gomeni, kwa ule mstari unaosinyaa kidogo kuliko wote. Utaalamu huo wa pete umetoa pia ushahidi usiotazamiwa: picha mbili za watu alizochora Jan van Eyck, ya Baudouin de Lannoy na ya Giovanni Arnolfini iliyoko Berlin, pamoja na ubao wa picha ndogo ya Mtakatifu Fransisko iliyoko Philadelphia, zimetoka katika mti mmoja. Anayetaka kujua picha ya Philadelphia ilitokea katika karakana gani ana sababu ya kuugeuza ubao kabla ya kuubishania uso.

Kwa kuwa mwaloni ni mgumu na umetulia, maandalizi yake yalikuwa mafupi. Huko hakukuwa na desturi ya kufunika ubao mzima kwa kitani, na mahali pa jasi walitumia chaki, ambayo ardhi ya kaskazini inayo tele, wakaichanganya na gundi ya wanyama. Mara nyingi ubao ulifungwa katika fremu yake kwanza, ndipo vyote viwili vikapakwa tabaka la chaki kwa pamoja. Uangalifu ambao Muitalia aliuweka juu ya ubao, Mflanders aliuweka ndani yake, katika upasuaji na uungaji. Na kwa kuwa ila ya ubao haionekani ikishafunikwa kwa chaki, ilibidi kuwe na sheria. Mnamo Desemba 1617 mji wa Antwerp ulitoa kanuni kwa watengenezaji wa mbao za kuchorea: kila fundi aweke alama yake, na mbao zikaguliwe na kupigwa chapa ya mji kwa chuma cha moto, yaani ngome na mikono miwili, kabla hazijapakwa kitu. Ubao wenye sehemu laini nyeupe iliyo chini ya gome, ambayo bungua huianza kwanza, au wenye dalili za kubunguliwa, haukustahili chapa. Kwa njia hiyo tunalijua jina la Michiel Vriendt, aliyemtengenezea Peter Paul Rubens mbao. Angekuwa Florence, huenda jina lake lingepotea pamoja na takataka za randa.

Hapa pana pingamizi la haki. Huenda mwaloni ulidumu kwa sababu tu ni mwaloni, na maandalizi ni mapambo ya hadithi. Watu wa kale wenyewe waliamini ubora wa aina: Plinio Mzee aliusifu mlarusi kwa kuwa haupasuki, na Leonardo aliandika akipendekeza mvinje wa Ulaya, mpea na mjozi. Lakini Leonardo huyo huyo alichorea mpopla Florence, na alipohamia Milan alimchora yule bibi mwenye kicheche juu ya ubao wa mjozi, kama walivyofanya wengine huko. Ushauri wake ulifuata nadharia, na vitendo vyake vilifuata soko. Kuhusu mwaloni, shahidi ni Rubens. Mandhari alizozichora kwa ajili yake mwenyewe, kama ile ya nyumba yake ya Het Steen ya mwaka 1636 iliyoko National Gallery, London, alizipanua kadiri alivyoendelea, kipande hiki juu, kile pembeni, hadi ubao ukawa mkusanyiko wa mbao nyingi. Katika baadhi ya picha zake za namna hiyo nyuzi za kipande kimoja zinakatana na za jirani yake, kimoja kikivimba upande ambao mwenzake haendi. Mwaloni ni uleule, mji ni uleule wenye chapa na ukaguzi, na bado picha hizo zimewapa watunzaji shida kubwa kuliko mpopla mwingi wa karne mbili nyuma yake.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: sisi tunahukumu kwa zile zilizobaki. Mbao zilizooza hazina shahidi, na labda maandalizi mazuri yaliangamia pamoja na mabaya. Hilo ni kweli, na haliwezi kuondolewa lote. Lakini hata miongoni mwa zilizobaki, nyufa hazijatawanyika ovyo. Zinakaa kwenye maungio, kwenye mafundo yasiyozibwa, na pale mbao za nyuma zilipopigiliwa misumari kwa nguvu hata zisiweze kusogea. Mona Lisa ni ubao mmoja wa mpopla wenye urefu wa sentimeta 79 na upana wa 53. Umebinuka kidogo mbele, na una ufa unaoshuka kutoka ukingo wa juu hadi kwenye nywele. Nyuma yake watu waliwahi kupachika vipande vya mti vyenye umbo la kipepeo ili kuufunga ufa huo. Mti umeudhuru uso pale tu uliposhindwa kutulia, na mahali pengine pote jasi, gundi na rangi vimekwenda nao.

Walikuwapo waliodhani kwamba dawa ni kuuondoa mti kabisa. Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, fundi François-Toussaint Hacquin aliukwangua ubao wote nyuma ya Madonna wa Foligno wa Raphael hadi akafikia rangi, kisha akaihamishia kwenye turubai. Wengine waliuchonga mgongo wa ubao ukawa mwembamba na kuugundishia kimia cha mbao ili unyooke. Mti uliozuiwa kupinda ulitafuta njia nyingine ukapasuka, na vizazi vilivyofuata vya watunzaji vilitumia miaka kuvibandua vimia hivyo. Somo lilikuja kwa ukali zaidi tarehe 4 Novemba 1966, mto Arno ulipoifurika Florence. Msalaba wa Cimabue ulipoteza zaidi ya nusu ya rangi yake. Karamu ya Mwisho ya Giorgio Vasari, ya mwaka 1546, ilizama kwa saa nyingi. Mbao zake za mpopla zilivimba, na zilipokauka zikasinyaa kuliko zamani, rangi ikakosa pa kukaa. Haikurudishwa mahali pake Santa Croce hadi mwaka 2016. Nusu karne ya kazi ile ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuupa ubao upana wake tena.

Linabaki swali la turubai. Kama ubao ulikuwa mwema, mbona uliachwa? Venice, ambako turubai ilishika mapema, haikuuacha kwa kushindwa. Carpaccio alikuwa akichorea turubai tangu miaka ya 1490, lakini mwaka 1518 Titian alimaliza Kupalizwa kwa Maria katika kanisa la Frari juu ya mbao, picha yenye kimo cha karibu meta 7. Turubai ilishinda kwa uzito, kwa bei na kwa kuviringika. Ubao nao ulipoendelea, uliendelea kufuata meli: katika miaka ya 1640 Rembrandt alichorea mara kadhaa miti ya nchi za joto iliyoanza kufika Amsterdam kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Kisa hicho kimejirudia kwetu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alichukua hadibodi za dari na rangi ya kung'aa ya dukani, vitu ambavyo ujenzi wa mji ulikuwa umeviweka karibu naye. Hadibodi ni unga wa mti ulioshindiliwa, hauna nyuzi za upande mmoja. Kiwanda kilikuwa kimemfanyia sehemu ya kazi ya seremala. Warithi wake walihamia turubai, kwa kuwa mtalii huikunja akaitia begini.

Turudi kwa mbao tatu za Dürer. Ile ya mlindeni iko Munich na ile ya mwaloni iko Lisbon, zote mbili katika hali nzuri. Ile ya mpopla, iliyoko Prague, imeharibika vibaya, na sehemu ya katikati imechorwa upya na mikono mingine. Msomaji anaweza kukimbilia kuulaumu mti. Lakini mwaka 1606 Kaizari Rudolf wa Pili aliinunua na kuivusha milima ya Alpi, kisha ikaja vita ya miaka 30, ikahamishwa huku na huku na kulala penye unyevu. Aliyeitayarisha aliitayarishia hewa ya Venice na ukuta wa kanisa moja. Mpopla wa Mona Lisa, ulio dhaifu vilevile, umekaa leo katika sanduku la kioo huko Louvre ambamo unyevu hupimwa na kudhibitiwa. Hiyo ni kazi ile ile aliyoianza fundi wa karne ya 15 kwa gundi nyepesi ya kwanza: kuutazama mti uliopatikana, na kuujua utakunywa kiasi gani.